Njia ya chini: tuanze na mwenye pakacha

Kila anayerudi kutoka Dodoma siku hizi ana habari za treni ya umeme. Akishamaliza kusifu kiti na mwendo, hufika pale pale: njia nzima hakuona gari iliyosimama kungoja treni ipite. Barabara zinapita juu ya reli au chini yake. Ile tambuka reli ya zamani, ya mlango unaoshushwa na foleni inayorefuka pande mbili, kwenye reli mpya haipo. Kisha linakuja swali: sisi huku Unguja tunapotaka kutenganisha magari kwenye makutano ya Amani na Mwanakwerekwe, kwa nini tunajenga barabara za juu? Kwa nini tusichimbe tukapita chini?

Jawabu la barazani halichelewi: "Unguja hii? Masika utaogelea humo." Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Nimeyasikia haya mara tatu au nne sasa, na kila mara naona muuliza swali ananyamazishwa kabla hajasikilizwa.

Mwenye jawabu la maji ana haki yake, na si ndogo. Hakuna mtu wa mjini asiyeijua Mwanakwerekwe ya mvua kubwa, bwawa linapojaa na maji kupanda barabarani. Kibonde Mzungu nako watu wanakumbuka. Darajani ndiyo usiseme: jina lenyewe linatokana na daraja lililovuka hori la bahari baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hori hilo limefukiwa. Ukichimba mita tatu pale unaitafuta bahari.

Shimo ambalo maji yake hayana pa kushukia linataka pampu, na pampu inataka umeme. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Mei 2008 ulikatika, Unguja ikakaa bila umeme mwezi mzima hivi. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 na hali si ile tena, lakini mimi siusahau ule mwezi wa 2008. Mei ni masika. Nikifikiria njia ya chini iliyotegemea pampu Mei ile, na gari ya wagonjwa imefika ukingoni haina pa kupita, namwelewa kabisa anayesema tusichimbe.

Ila hoja hiyo inalikataa shimo la pampu. Haiikatai kila njia ya chini. Mji wetu si sahani. Una miinuko na mabonde, na ndiyo maana maji ya mvua yanajaa sehemu zile zile kila mwaka na sehemu nyengine hayasimami hata saa moja. Penye mteremko, ambapo sakafu ya njia iko juu kuliko mtaro wa kutolea maji, maji yanaondoka yenyewe, umeme uwepo usiwepo. Kwa hiyo suala ni la kila mahali kwa pake: hapa maji yatakwenda wapi bila kusukumwa? Darajani yanashindwa, na Mwanakwerekwe karibu na bwawa yanashindwa. Mahali pengine yanaweza kupita, na huko ndiko ninakotaka tuangalie kabla ya kucheka.

Tena tuelewe kwa nini kwenye reli wanapenda kupitisha barabara chini. Treni ya umeme ni ndefu kwenda juu, na juu yake kuna nyaya za moto. Daraja la kuivuka lazima lipae juu ya nyaya hizo, na linahitaji ardhi nyingi ya kupandia na kushukia. Ukipitisha gari chini ya reli unahitaji urefu wa lori tu, na shimo linakuwa fupi. Faida hiyo sisi hatuna, maana hatuna treni. Tuliwahi kuwa nayo, ile ya Bububu iliyojengwa na kampuni ya Wamarekani, ikaanza kazi 1905, maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe kupitia katikati ya mitaa. Magari yakaja, na kufika miaka ya 1920 abiria wakaihama. Lori juu ya lori ni sawasawa, ukipanda au ukichimba. Kwa magari, basi, barabara ya juu nakubaliana nayo.

Lakini yuko mmoja mfupi kuliko lori, naye ni mtu. Hapa ndipo hesabu inapogeuka, na hesabu hii sisikii ikitajwa.

Daraja la waenda kwa miguu lazima liruhusu lori lipite chini yake. Weka mita 5.5 za nafasi na nusu mita ya daraja lenyewe, mtu anapanda mita 6. Kwa kipandio cha sentimita 16 ni vipandio 37 na zaidi, kisha ashuke vingine kama hivyo. Njia ya chini inahitaji kimo cha mtu tu: mita 2.5, na kama 0.7 ya zege na lami juu ya kichwa chake. Mita 3.2, vipandio 20. Kwa kigari cha mlemavu, mita 12 za mteremko kwa kila mita moja ya kimo, daraja linataka mita 72 kila upande, na njia ya chini mita 38. Ni karibu nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atapita alikojengewa au atakimbia baina ya magari.

Wiki iliyopita nilisimama sokoni Mwanakwerekwe nikimwangalia bibi mmoja mwenye pakacha la maembe kichwani, mkono mmoja umelishika, mwengine umekamata ukaya. Alisimama ukingoni muda mrefu. Kila dala dala ikipunguza mwendo alitia mguu mmoja barabarani, ikija vespa pembeni yake akaurudisha. Nilijaribu kumwona juu ya vipandio 37 na pakacha lile. Sikuweza.

Wapo wanaosema njia ya chini itakuwa giza, na mama zetu hawatapita baada ya magharibi. Hilo ni kweli kwa njia nyembamba na ndefu yenye kona. Njia pana, iliyonyooka, ambayo ukisimama mdomoni unaona mwangaza wa upande wa pili, na yenye wauza kahawa wake, ni kitu chengine. Gharama ya kuchimba na kuhamisha mabomba ya maji na nyaya ni nzito zaidi. Hilo silipingi, nataka liwekwe mezani pamoja na vile vipandio.

Yule bibi mwishowe alivushwa na kijana wa skuli aliyemshika mkono na kunyoosha kiganja kwa dereva. Embe mbili zilianguka katikati ya barabara. Hakuna aliyerudi kuziokota.