Udaktari: Muhimbili, KCMC au Bugando?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, waliofaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) hurudia ubishi uleule kuhusu vyuo vya hospitali hizi: wapi wanatoka madaktari wazuri, Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza?

Anayeitetea Muhimbili hana shida ya hoja. Mafunzo ya udaktari pale yalianza 1963, wakati chuo cha KCMC ni cha 1997 na chuo cha Bugando ni cha 2003. Tena taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete na ile ya mifupa, MOI, ziko humohumo ndani ya uzio. Daktari ambaye hajawahi kumsikiliza mtoto mwenye tundu kwenye moyo anaweza kumtibu nimonia mara tatu kabla hajashtuka na kumpa rufaa. Hilo si jambo dogo.

Ila ukubwa nao una gharama zake. Itazame raundi ya asubuhi katika hospitali yoyote kubwa ya kufundishia. Kitandani yupo bingwa, anayefuata ni anayesomea ubingwa, kisha intani, halafu wanafunzi wa mwaka wa tano, na wa mwaka wa tatu wanachungulia mabegani mwa wenzao. Bingwa akiuliza wengu umevimba kiasi gani, anajibu aliyeweka mkono tumboni. Wa nyuma anaandika jibu kwenye daftari, basi.

Kwa hiyo mimi nisingeuliza kwanza jina la chuo. Ningeuliza kati ya mwanafunzi na mgonjwa wamesimama watu wangapi. Kwa kipimo hicho, hata KCMC na Bugando hazina ahueni sana siku hizi, maana nazo zinafundisha mabingwa. Chuo cha Mtakatifu Fransis kule Ifakara, ambacho hakitajwi kabisa kwenye mabishano haya, kinaweza kumpa kijana nafasi ya kushika mgonjwa mapema zaidi, ingawa hatakutana na vifaa wala mabingwa wengi kama wa Dar.

Wagonjwa wenyewe pia hawafanani. Bugando inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa, pamoja na watu wa visiwani wanaotapika damu baada ya kichocho kuharibu ini. Kichocho cha namna hiyo ukikisomea vitabuni tu, hukijui. Na daktari mpya akipangiwa kituo cha afya wilayani, kazi yake kubwa itakuwa mama aliyekwama uchungu, mtoto mwenye degedege na majeruhi wa bodaboda, siyo upasuaji wa moyo.

Tatizo ni ada, na hapa watu wengi hujifanya hawaioni. KCMC na Bugando ni vyuo vya makanisa, na ada yake inaizidi mbali ile ya vyuo vya umma kama Muhimbili au UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mkopo wa Bodi ya Mikopo haumfikii kila mtu kwa kiwango kimoja, na miaka mitano ni mingi kwa mzazi anayeuza ng'ombe kila muhula. Kwa familia ya namna hiyo, nenda chuo cha umma na ujifunze kuamka mapema ili uwe karibu na kitanda.

Lakini kama ada ina mwenyewe, mdogo wangu ningemwambia aende Mwanza. Ubingwa anaweza kuja kuusomea Muhimbili.