Anayekuuzia bando asome na unakokwenda?

Je, kampuni zinazotuuzia intaneti ziruhusiwe kufuatilia tovuti tunazotembelea ili ziuze matangazo? Utetezi wao ni mfupi: Google na Facebook zimetajirika kwa kufuatilia nyendo za watu na kuuza matangazo yanayowalenga, sasa sisi tuliochimba mitaro na kusimika minara tukatazwe kwa nini? Hoja hiyo si ya kubeza. Kujenga mtandao ni gharama, na mapato ya matangazo yangeweza kupunguza bei ya bando.

Tena kuna jambo ambalo wapinzani hupenda kuliruka. Zamani mtoa huduma aliweza kusoma karibu kila kilichopita kwenye nyaya zake. Leo tovuti nyingi zinatumia HTTPS, na yaliyomo yamefumbwa. Haoni ukurasa ulioufungua wala ulichoandika kwenye fomu. Kwa kawaida anachoona ni jina la tovuti, saa uliyoingia na kiasi cha data kilichopita.

Majina tu, basi. Lakini hebu tazama majina ya usiku mmoja: saa tano, tovuti ya kituo cha matibabu ya saratani, dakika kumi baadaye, kampuni ya bima ya maisha, saa sita na nusu, wakili wa mirathi. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosomwa na mtu wa nje, na bado habari yote imeshajulikana. Anayeijua ana jina lako kamili na namba yako ya simu, maana ndiye anayekutoza. Tovuti ikikuudhi unaihama. Lakini njia ya intaneti ya kutokea nyumbani kwako mara nyingi ni moja. (VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa kampuni nyingine ili mtoa huduma asiyaone, husaidia, ila nayo inahamisha tu imani yako kutoka kampuni moja kwenda nyingine.)

Kinachonifanya niegemee upande wa wenye mashaka ni mwenendo wa kampuni zenyewe. Uingereza, kampuni ya simu na intaneti ya BT iliujaribu mfumo wa Phorm, uliofuatilia kurasa ambazo mteja anatembelea ili kumlenga kwa matangazo, mwaka 2006 na 2007 kwa maelfu ya wateja bila kuwaambia. Siri ilipofichuka 2008 kelele zilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata BT ikaachana nao. Marekani, Verizon ilianza mwaka 2012 kupachika alama ya utambulisho kwenye mawasiliano ya wateja wake wa simu. Mteja hakuweza kuifuta, kwa sababu haikuwa ndani ya simu yake. Iliongezwa njiani, data ikishatoka mkononi mwake. Ikaja kugundulika kwamba kampuni ya matangazo iliitumia alama hiyo kufufua vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kifaa ili kumtambua mtu) ambavyo watu walikuwa wameshavifuta. Machi 2016 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliipiga Verizon faini ya dola milioni 1.35.

Oktoba mwaka huohuo FCC ikapitisha kanuni: mtoa huduma aombe ruhusa kwanza kabla ya kutumia historia ya mteja ya kuvinjari. Bunge likaifuta 2017, kwa hoja ileile ya kwamba tovuti kubwa hazibanwi hivyo. Kama tatizo ni kutokuwepo usawa, tovuti nazo zingeweza kubanwa. Ikachaguliwa kuwalegezea wote.

AT&T, kampuni nyingine ya simu na intaneti ya Marekani, ilikuwa na jibu lake. Katika huduma yake ya GigaPower, aliyekubali kufuatiliwa alilipa kama dola 70 kwa mwezi, asiyetaka akaongeza 29. Mpango huo ulikoma 2016. Nakiri ulikuwa na uwazi fulani, angalau mtu alijua faragha yake imewekewa bei gani. Shida ni nani anayeweza kuilipa. Kwa mwenye mshahara mnono dola 29 ni chenji. Anayehesabu kila senti atatia sahihi tu, kisha tutaambiwa amechagua kwa hiari yake.

Ulaya sasa kuna Utiq, kampuni inayowapa wateja wa mitandao alama ya utambulisho kwa ajili ya matangazo, iliyoundwa 2023 na kampuni za simu za Deutsche Telekom, Orange, Telefónica na Vodafone. Hii inaomba ridhaa kwanza, na kwangu hiyo ni hatua ya kweli ukiilinganisha na siri za BT. Ila ombi lenyewe huja kwenye kidirisha kinachoziba ukurasa, kile ambacho wengi wetu hubofya "Kubali" ili kitupishe tusome tulichofuata.