Margaret Beaufort anashtakiwa kwa kesi isiyo yake

Ukigusa historia ya Uingereza ya karne ya 15 tu, jina la Margaret Beaufort, mama yake Henry VII, lazima litajwe na hapo hapo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema alikuwa mama wa fitna, tangu siku anamzaa mwanae alishakipigia hesabu kiti cha enzi, akaolewa huku na kule kwa mahesabu, akawazunguka wafalme na mwisho akawamaliza wale watoto wawili wa mfalme Edward IV waliopotea ndani ya Tower of London, ngome ya kifalme, mwaka 1483. Wengine wanakuja na picha ya mcha Mungu, mama wa sala na sadaka, aliyejenga vyuo Cambridge na kusimamia mwanae mpaka mwisho. Mi hii ishu naipenda sana na nimesoma pande zote, na naona wote wanapigana kwenye kesi moja ambayo haina ushahidi wakati kesi yenye karatasi zake, yenye majina ya watoto na tarehe, wanaipita tu.

Tuanze na utoto wake maana bila huo huelewi kitu. Kazaliwa Bletsoe, Bedfordshire, mwezi Mei, wanahistoria wengi wanasema mwaka 1443. Baba yake John Beaufort, Duke wa Somerset, akafa Mei 1444 baada ya kwenda Ufaransa kupigana na kurudi mikono mitupu, mfalme kamkasirikia, na watu wakawa wananong'ona kwamba kajiua. Mtoto hajafikisha hata mwaka tayari ni mrithi wa mali kubwa. Sasa sheria ya kule ilikuwa hivi, mtu mwenye ardhi aliyopewa na mfalme akifa akaacha mtoto mdogo, ulezi wa yule mtoto unakuwa mali ya mfalme, anaweza kuuza, anaweza kumpa rafiki yake kama zawadi, na anayepewa anakula mapato ya ardhi mpaka mtoto akue na anaamua ataolewa na nani. Mama mzazi yupo hai lakini haulizwi. Henry VI akamgawa Margaret kwa William de la Pole wa Suffolk, na huyu mwaka 1450 alipoona siasa zimembana akamuozesha haraka haraka kwa mwanae John, watoto wote wawili hawajafika hata miaka kumi. Miezi michache baadaye Suffolk akauawa baharini, na mwaka 1453 mfalme akaivunja ile ndoa akawapa ulezi ndugu zake wa mama mmoja, Edmund na Jasper Tudor.

Edmund akamuoa 1455. Margaret ana miaka 12, Edmund anakaribia 25. Hapa ndipo utasikia watu wanasema ah, zama zile ilikuwa kawaida, msihukumu kwa macho ya leo. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, kanisa liliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 12, hilo ni kweli. Ila familia nyingi za kitajiri zilifunga ndoa na kumwacha binti akue kwanza kabla ya kulala na mumewe, kwa sababu walijua kabisa mimba ya mapema inaua na mrithi akifa mali inaondoka. Edmund hakusubiri na sababu inajulikana, sheria ilisema mume akizaa na mkewe mtoto aliye hai basi hata mke akifa yeye anaendelea kula ardhi ya mke mpaka naye afe, bila mtoto hapati kitu. Yaani mwili wa mtoto wa miaka 12 uliwekwa rehani kwa ajili ya kodi za mashamba, na waliokuwepo wakati ule walikuwa na akili za kuliona hilo kama sisi tunavyoliona.

Edmund mwenyewe hakufaidi, alikamatwa na watu wa upande wa York, ukoo uliokuwa unagombea kiti cha enzi na Henry VI, akaachiwa, akafa kwa tauni Carmarthen Novemba 1456. Margaret kabaki mjane, mjamzito, kakimbilia kwa shemeji yake Jasper kwenye ngome ya Pembroke kule Wales, na tarehe 28 Januari 1457, katikati ya baridi, akamzaa Henry. Ana miaka 13. John Fisher, padri wake aliyekuja kuwa askofu, alisema miaka mingi baadaye kwamba ni kama muujiza mtu mdogo vile kwa umri ule kuzaa mtoto akaishi. Hakuzaa tena maisha yake yote japo aliolewa mara mbili zaidi, na wengi wanaamini uzazi ule ulimuharibu.

Turudi kwenye tuhuma ya kwanza, kwamba alikuwa anawinda kiti tangu mwanzo. Kwanza ukoo wenyewe wa Beaufort ulitokana na John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward III, na hawara yake Katherine Swynford, watoto wakahalalishwa baada ya wazazi kuoana lakini mwaka 1407 Henry IV akaongeza maneno kwamba warithi wa kila kitu isipokuwa ufalme. Kwa hiyo miaka ya 1460 hakuna mtu mwenye akili timamu angeweka pesa yake kwa Henry Tudor. Pili angalia alichokuwa anafanya. Mwaka 1462 mtoto wa miaka mitano ulezi wake ukauzwa kwa William Herbert kwa pauni 1,000, akapelekwa kukaa ngome ya Raglan kule Wales, na mama yake hakuwa na la kufanya zaidi ya kutuma wajumbe na kwenda kumuona, mwaka 1467 yeye na mumewe Henry Stafford walivuka mto Severn wakaenda kukaa naye wiki moja. Mwaka uliofuata Edward IV, mfalme wa upande wa York na adui wa ukoo wake, anakuja kuwinda karibu na nyumba yao ya Woking na Margaret anamkaribisha mezani kwa sahani zilizoagizwa London, samaki mkunga, chaza, kila kitu. Huyo ni mtu anayetafuta kuaminiwa na serikali iliyopo.

Baada ya vita vya Tewkesbury 1471, ambako Edward aliwashinda watu wa Henry VI, Henry na Jasper wakakimbilia Brittany ng'ambo ya bahari, Stafford akafa mwaka huo huo, na mwaka 1472 Margaret akaolewa na Thomas Stanley ambaye alikuwa mtu mzito ndani ya nyumba ya Edward. Miaka kumi baadaye anapata alichokuwa anakitafuta, mwaka 1482 yanafungwa makubaliano mbele ya mfalme kwamba Henry akirudi kwa amani atapata sehemu ya ardhi ya bibi yake mzaa mama, kuna hadi rasimu ya msamaha iliandikwa. Na hata Edward alipokufa Aprili 1483 na mdogo wake Richard III akachukua nchi, Margaret na Stanley walikaa naye tarehe 5 Julai kujadili deni la zamani ambalo familia ya Orléans ya Ufaransa ilikuwa inadaiwa na Beaufort. Kesho yake akabeba pindo la gauni la malkia Anne Neville kwenye kutawazwa. Mtu anayepanga mapinduzi tangu 1457 hahangaiki na risiti za deni siku moja kabla.

Upande wa pili nao una hoja na siufichi. Ndani ya wiki chache tu za kiangazi kile mambo yakageuka, watoto wa Edward hawaonekani tena, na Margaret kwa kupitia daktari wa Wales aliyeitwa Lewis Caerleon anaanza kuwasiliana na mama yao Elizabeth Woodville aliyekuwa amejificha Westminster, dili likawa Henry aje amuoe binti mkubwa. Mtumishi wake Reginald Bray anahusika na Duke wa Buckingham, pesa inatumwa Brittany, uasi unalipuka Oktoba, unafeli, Buckingham anakatwa kichwa Salisbury tarehe 2 Novemba. Watu waliofaidika na kupotea kwa watoto wale ukiwaorodhesha Margaret yumo, hilo hulikatai. Lakini kufaidika siyo ushahidi, watoto walikuwa mikononi mwa Richard na walinzi wake, na hakuna mtu wa kipindi kile aliyemtaja Margaret kwa mauaji, hata Bunge la Richard lenyewe lililomtia hatiani kwa uhaini mwaka 1484, likamvua vyeo na kumpa mumewe ardhi zake, halikusema neno hilo. Na Richard alikuwa na kila sababu ya kulisema. Tuhuma ilikuja karne ya 17. Kwa hiyo kwangu hiyo kesi imekwisha, na inanikera kuona inarudiwa kila leo kama vile kuna kitu kipya kimepatikana.

Henry akamshinda Richard kwenye vita vya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 na Bunge likamtangaza Margaret kuwa mwanamke anayejitegemea kisheria, anamiliki na kushtaki kwa jina lake mwenyewe wakati mumewe yupo hai, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa mwanamke wa ukoo wa kitajiri aliye kwenye ndoa. Hapa ndipo nataka watu waangalie, kwa sababu sasa ana nguvu na tunaweza kumpima kwa alichochagua. Mazuri yapo na ni makubwa, ualimu wa teolojia Oxford na Cambridge, chuo cha Christ's mwaka 1505, na pesa za St John's kilichofunguliwa 1511 baada ya kifo chake, Fisher akihangaika maana mjukuu Henry VIII aliitaka ile ardhi. Alikuwa na baraza lake kwenye nyumba yake ya Collyweston lililosikiliza kesi za watu wa eneo lile. Deni la Orléans hakuliacha, kuna barua aliyomwandikia mwanae, kaiandika siku ya kumbukumbu ya kumzaa, anamwita furaha yake pekee duniani na ndani ya barua hiyo hiyo anafuatilia lile deni. Kuna wanaosoma hiyo wakasema ona, mapenzi ya uongo, ni pesa tu. Mi nasema hapana, ni mwanamke ambaye tangu anyonye alijua kwamba bila hati mkononi mtu anachukuliwa mtoto, na mapenzi na hati kwake vilikuwa kitu kimoja.

Na mwaka 1498 Henry VII alimwambia balozi wa Hispania, Pedro de Ayala, kwamba malkia na mama yake yeye mfalme wanapinga binti yake mdogo Margaret aolewe na James IV wa Scotland sasa hivi, wanaogopa yule mfalme hatasubiri na atamuumiza mtoto. Hii ndiyo sentensi inayonigusa kuliko zote kwenye maisha ya huyu mama. Hakuwahi kuandika popote kulalamika kuhusu Edmund Tudor, ila alijua kabisa kilichomtokea na akakizuia kisimtokee mjukuu, angalau kwa miaka kadhaa, binti akaenda 1503 akiwa na miaka 13.

Sasa kesi yenyewe. Agosti 1486 Margaret huyu huyu anapewa ulezi wa Edward Stafford, mtoto wa yule Duke wa Buckingham waliyefanya naye njama, mtoto wa miaka nane mwenye mashamba makubwa kuliko karibu kila mtu nchini. Anakula mapato yake kama Suffolk alivyokula yake. Watetezi wanasema alimlea vizuri, alimsomesha, na kwa mfumo ule asingechukua yeye angechukua mtu mbaya zaidi, na hiyo naikubali kiasi fulani kwa Buckingham. Ila kulikuwa na mtoto mwingine, Edward wa Warwick, mpwa wa Edward IV, miaka kumi tu alipoletwa London baada ya Bosworth na kuwekwa mwanzoni chini ya uangalizi wa Margaret. Kosa lake lilikuwa damu yake. Akahamishiwa Tower, akakulia humo miaka yote, na Novemba 1499 Henry VII akamkata kichwa ili ndoa ya mwanae Arthur na Catherine wa Hispania isiwe na wasiwasi. Ni mwaka huo huo 1499 Margaret alianza kusaini Margaret R, herufi ambayo wengi waliisoma kama ya kimalkia.

Siwezi kusema yeye ndiye aliagiza, aliyeagiza ni mfalme. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye mfalme alimsikiliza, tumeona alivyomsikiliza kwenye suala la Scotland mwaka mmoja tu kabla, na mtoto huyu alishakaa kwenye nyumba yake. Wanaomchukia wanapoteza muda na wale watoto wa 1483 na wanaompenda wanamtetea kwa hao hao. Kwa Warwick mimi simtetei.