Risiti Ni Yangu, Mashine Si Yangu

Mimi ni mtu wa risiti. Ninafanya kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, na kwa mazoea ya kazi hiyo kila kitu nilichokilipia kina karatasi yake, imekunjwa vizuri na kuwekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Risiti ya mashine ya gemu ya kijana wangu imo humo, ina muhuri, ina tarehe, na chini yake imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa ninawauliza wenzangu wanaojua sheria: ikiwa mali imeuzwa na hairudishwi, kwa nini kila jioni inaniomba, tena si kuniomba bali kuniamuru, nikubali masharti mapya ndipo iwake?

Nianze na diski. Nilitoa pesa taslimu katikati ya mji nikapewa kasha lenye picha ya kupendeza. Kijana akaitia diski mashineni, nami nikaketi na chai yangu ili nione pesa zangu zikifanya kazi. Mashine ikasoma, ikatafakari, kisha ikatangaza kwamba inahitaji kupakua gigabaiti arubaini na kitu. Nikauliza, "Hii diski tuliyonunua ina nini basi?" Kijana akanijibu kwa ile adabu ya mtoto anayemwonea mzazi huruma: "Baba, hiyo ni ya kuonyesha tu kwamba umenunua." Maana yake ni kwamba nilikuwa nimeuziwa risiti ya pili, ya mviringo, inayong'aa, na ambayo haikunjiki kuingia kwenye kopo.

Kwa wenzetu wenye waya wa intaneti ukutani, gigabaiti arubaini huenda ni jambo la kusubiri chakula kiive. Kwetu Migosi, ambako bando hununuliwa kwa simu na hufa saa sita usiku hata kama hujaligusa, hiyo ni bajeti ya nyumba. Nao watengenezaji hawana haya. Call of Duty: Modern Warfare, mchezo wa vita uliotoka mwaka 2019, ulivimba kwa masasisho hadi ukapita gigabaiti 200, ilhali mashine nyingi za PlayStation 4 ziliuzwa zikiwa na nafasi ya gigabaiti 500, ambayo sehemu yake tayari imekaliwa na mfumo wenyewe. Ukipenda michezo mitatu ya namna hiyo, mmoja utalala nje. Na mvua ya jioni ikishuka kutoka upande wa ziwa, stima ikapotea, mashine ikizinduka hainipi pole. Inanikaripia kwamba niliizima vibaya na kwamba siku nyingine nifuate utaratibu. Nimezima mimi! Mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti, mikono yake yote miwili imeshika kikombe!

Mashine ya zamani, PlayStation 2, haikuwa na kiburi hicho. Ilitoka mwaka 2000, ikauzwa duniani kupita milioni 150, na ninaamini nusu ya upendo iliyoupata ni kwa sababu haikumuuliza mtu maswali. Miaka ile, nikitoka kazini, nilikuwa nikichungulia katika vibanda vya gemu vya Kondele, ambako vijana walilipa kwa mechi, padi zimezungushiwa selotepu, aliyefungwa anasimama na anayefuata anakaa. Kadi ya kumbukumbu ya mashine hiyo ilikuwa ya megabaiti 8, na ndani yake mlihifadhiwa ligi nzima, mabingwa wake, na uhasama wa msimu mzima. Haikutaka barua pepe. Haikutaka kujua ulizaliwa lini. Diski ikikwama, mwenye kibanda aliitoa, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe, akairudisha, na mpira ukaendelea.

Siku hizi hata baada ya kununua mchezo, kununua ndiyo kwanza kunaanza. Kijana alinijia jioni moja na sauti laini, ile sauti ambayo mzazi akiisikia hushika mfuko.

"Baba, naomba unitumie mia mbili kwa simu."

"Za nini?"

"Za kufungua pakiti."

"Pakiti ya nini?"

"Ya wachezaji."

"Wachezaji gani?"

"Hatujui mpaka tuifungue."

Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu mchezo huo ninaufahamu tangu utoto wangu. Ulichezewa pale stendi ya mabasi kwa karata tatu juu ya boksi, ukiitwa pata potea, na askari wakitokea boksi lilipigwa teke na wenye karata wakageuka abiria. Sijui kwa nini ukihamia kwenye kioo unaitwa burudani ya familia. Ubelgiji hawakudanganyika: mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kamari ilitamka kwamba visanduku vya bahati, yaani pakiti kama hizo unazolipia bila kujua kilichomo, katika michezo kadhaa, ule wa mpira wa FIFA ukiwamo, vilikuwa vinavunja sheria ya kamari, na mwaka uliofuata uuzaji wa pointi za kununulia pakiti za FIFA ukasimamishwa nchini humo. Nilimweleza kijana habari hizo kwa ufasaha wote niliojaliwa. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo maana Ubelgiji hawajawahi kuchukua Kombe la Dunia.

Wapo waliotendwa zaidi yangu. The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft, ulitoka mwaka 2014 na ulihitaji intaneti hata kwa mtu anayecheza peke yake chumbani kwake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake, yaani kompyuta za kampuni zilizouendesha, zilizimwa, na kila aliyeinunua diski akabaki na kitu cha kuwekea glasi. Jimbo la California huko Marekani limetunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, ya kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asimwambie mteja kuwa ananunua bila kumweleza wazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo ninaiheshimu, ingawa nikiisoma naona kazi yake kubwa ni kuhakikisha unachukuliwa pesa ukiwa na habari kamili. Mimi ningeongeza kifungu kimoja: ikiwa ni leseni, bei nayo iwe ya leseni.

Wala msidhani ugonjwa huu umo katika michezo pekee. Mita ya stima, kifaa ambacho tangu kifungwe ukutani hakijawahi kumburudisha mtu, nayo ilidai kusasishwa. Tokeni za mita hizi, si zetu tu bali za mfumo huo huo kote duniani, zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na ushei, kwa hivyo ilijulikana miaka mingi kabla kwamba ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Ambaye hangekuwa amesasisha kufikia siku hiyo, mita yake isingepokea tokeni mpya. Tokeni ya kawaida ina tarakimu 20. Zikaja mbili za kusasisha, zikifuatwa na ile ya stima yenyewe, jumla tarakimu 60, nami nikasimama gizani, tochi nimeibana kwapani, mama watoto akinisomea kutoka kwenye simu yake.

"Nne mbili, sifuri."

Nikabonyeza nne, nikabonyeza mbili, nikabonyeza sifuri.

"Si nne halafu mbili, Baba. Nne ziko mbili."

"Basi sema nne, nne."

"Nne, nne, tatu mbili."

"Tatu halafu mbili, au tatu ziko mbili?"

Mita ilikuja kukubali baadaye. Mama watoto alichukua muda zaidi.

Kuhusu rimoti ya runinga nitasema machache tu: imejaa vitufe vikubwa vyenye majina ya huduma za filamu ambazo sizilipii hata moja, na kitufe cha kupunguza sauti, ambacho ndicho pekee ninachokihitaji, ni kidogo kuliko punje ya mtama.

Lakini kubwa kuliko yote ni akaunti. Mashine ya gemu haitambui risiti, inatambua akaunti. Siku tulipoifungua ilitaka barua pepe na nambari ya simu ya kupokelea misimbo ya siri, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa kwa fundi, kijana wa saiba, duka la intaneti karibu na soko la Kibuye, alisema, "Mzee, usijali, tutaweka yangu kwanza, utabadilisha baadaye." Saiba hiyo ilifungwa, siku hizi pale panauzwa vifaranga, na kijana mwenyewe akapata kazi ya ulinzi huko Doha, akaondoka na laini yake. Kila stima inapopotea na kurudi, mashine hututilia shaka na kutuma msimbo Qatar. Nimemwomba tubadilishe nambari. Hunijibu kwa heshima kubwa kwamba tungoje kwanza, kwa kuwa naye ana michezo yake humo ndani.

Kwa bahati saa za Doha na za Kisumu ni zile zile, kwa hivyo hatuna matatizo ya majira, ila ya zamu yake. Akiwa lindoni usiku, sisi huketi mbele ya kioo tukisubiri amwone bosi wake akigeuka ndipo atutumie tarakimu sita kwa WhatsApp. Jumapili iliyopita hakutuma. Aliandika kwamba ameona kijana anacheza hadi usiku siku za shule, kwa sababu taarifa zote humfikia yeye, na kwamba msimbo utatoka baada ya kazi ya hisabati kukamilika na picha ya daftari kutumwa kwake. Kijana wangu, ambaye mimi humwambia maneno hayo hayo kila jioni na huwa kama sijasema, aliinuka bila neno akaenda kutafuta kalamu.