Mama akija Dar, apumzike au tumwachie kazi?

Mama anashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, na kiroba cha mchele na kuku wawili kwenye tenga. Kwao Korogwe alikuwa akiamka na jembe. Akifika Tabata, wanawe wanampa kochi, rimoti na dada wa kumletea chai. "Mama, umeshahangaika vya kutosha, pumzika sasa." Mwaka haujaisha, kuinuka kwenye kochi hilo mpaka ashikwe mkono.

Wanaosema apumzike wana hoja, tusiwabeze. Jembe humaliza mgongo na magoti, na mwenye presha iliyopanda si wa kubebeshwa ndoo. Dar nayo haimpendi mzee anayetembea. Mitaa mingi haina njia ya waenda kwa miguu, mitaro iko wazi, na bodaboda hupita popote, hata pale ulipotaka kuweka mguu. Mzee akivunjika nyonga, wengine hawasimami tena.

Ila hofu hiyo hiyo ya kuanguka ndiyo inayonivuta upande wa pili. Misuli isiyotumika hupungua, na uzeeni kuirudisha ni kazi. Miguu ikilegea, ataangukia ndani, kwenye vigae vya bafuni. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi, na wazee wa miaka 65 na zaidi waongeze, siku 3 au zaidi, mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Si lazima akimbie alfajiri daraja la Tanzanite (nani alisema mazoezi ni raba?). Kufagia uwanja, kuchambua mchicha, kwenda gengeni mwenyewe na kubishana bei ya nyanya: humo mna hatua, kuinama, kuinuka, na watu wa kuongea nao.

Mapenzi yale yale ya wanawe yaliyompa kochi ndiyo humletea chipsi na soda, yeye aliyezoea dona na mlenda.

Kwangu mimi, aondolewe mzigo, kazi abaki nayo. Ndoo ya lita 20 abebe mjukuu, na presha ipimwe kwanza. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumepanga, uani ni saruji tupu. Hapo ndoo kuukuu za rangi, zikijazwa udongo, zinaotesha mchicha vizuri tu, naye asubuhi atamwagilia mwenyewe, kopo moja moja.