Don Wehby hakukimbia

Juzi, tulipokuwa tukizungumza kuhusu wataalamu wanaoingia katika siasa, rafiki yangu alimtaja Don Wehby wa Jamaika kuwa mfano wa mhasibu aliyeonja uwaziri miaka miwili, akaona moto, akakimbilia mshahara wake wa zamani. Kauli hiyo imenichoma, hasa kwa kuwa Wehby alifariki dunia Julai 2025 na hawezi tena kujitetea.

Wehby alijiunga na GraceKennedy, kampuni kubwa ya vyakula na huduma za fedha nchini Jamaika, mwaka 1995, akapanda ngazi kupitia idara ya fedha. Septemba 2007 chama cha Jamaica Labour Party (JLP) kilirudi madarakani baada ya miaka 18, kwa ushindi mwembamba wa viti 32 kati ya 60, na Waziri Mkuu Bruce Golding akamteua Wehby kuwa seneta na waziri asiye na wizara maalumu, mahali pake pa kazi pakiwa Wizara ya Fedha chini ya Audley Shaw. Kampuni yake ndiyo iliyomwazima kwa serikali, na kitu cha kuazimwa hurudishwa kwa mwenyewe.

Tazameni aliazimwa wakati gani. Deni la Jamaika lilikuwa limelipita pato la taifa la mwaka mzima. Kisha ukaja mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008, viwanda vya alumina, malighafi ya alumini, vikafungwa, na jamaa walioko ughaibuni wakapunguza fedha wanazotuma nyumbani. GraceKennedy ilikuwa wakala wa Western Union nchini humo tangu 1990, kwa hiyo waziri huyu alitoka mahali ambapo umaskini huonekana dirishani, pale mama aliyezoea kupokea karo ya watoto anapohesabu noti, akarudia kuzihesabu, akaondoka na nusu yake. Marehemu baba yangu alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika, na namkumbuka usiku wa manane, chemli ikififia, akipekua stakabadhi moja moja kwa sababu shilingi 40 zilikuwa hazijulikani zilikokwenda. Nchi iliyolemewa na deni inamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko inavyomhitaji mwenye sauti nzuri jukwaani, na inapompata, hata kwa miaka miwili, haifai kumdhihaki.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hakuwahi kuomba kura ya mwananchi hata mmoja. Nakubali pia kwamba mkuu wa kampuni kubwa kuketi katika Seneti inayopitisha sheria za kodi ni jambo linalostahili kuulizwa maswali makali, na wanaoyauliza hawamwonei.

Hata hivyo, tuhuma ya kukimbia haisimami. Wehby alirudi kazini kwake mwaka 2009, na Julai 2011 akachukua uongozi wa GraceKennedy kutoka kwa Douglas Orane. Mwaka 2016 aliteuliwa tena kuwa seneta, safari hii bila uwaziri, na mwaka 2020 akateuliwa kwa mara nyingine, huku akiiongoza kampuni iliyotimiza miaka 100 tarehe 14 Februari 2022. Mtu aliyeungua akakimbia hafuati tena moto ule ule mara mbili, na rafiki yangu, ambaye namheshimu, bado hajanijibu kuhusu miaka hiyo.