Sindano moja kabla ya kisu, au dripu za siku tano baada yake?

Katika hospitali zetu nyingi, mama aliyejifungua kwa upasuaji hurudi wodini na kanula mkononi. Ataandikiwa antibiotiki za mshipa, seftriaksoni na metronidazoli, kwa siku kadhaa, kisha vidonge vya kumalizia nyumbani. Homa hana, na kidonda ni kisafi. Dawa zote hizo ni za kinga tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 hauafiki utaratibu huo: antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kuchanwa, na isiendelezwe upasuaji ukishakwisha.

Madaktari wanaong'ang'ania dozi ndefu si wazembe. Shirika hilohilo linasema kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Wengine hufika wakiwa wamehangaika na uchungu tangu jana, chupa imeshapasuka, wameshapimwa njia mara nyingi. Wodini wanalala wawili kitanda kimoja na maji yanakatika. Mama akiruhusiwa, anakwenda mbali na zahanati, na kidonda kikitunga usaha, anayeulizwa ni aliyeshika kisu. Kwa daktari wa namna hiyo, mwongozo ulioandikwa Geneva unaonekana kama umeandikiwa wagonjwa wa kwingine.

Naielewa hofu hiyo, lakini dawa za siku tano haziiondoi. Vijidudu huingia wakati ngozi iko wazi, na dawa hufanya kazi ikiwa imeshafika kwenye nyama muda huo. Mwaka 1961 daktari mpasuaji John Burke alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba antibiotiki iliyochelewa saa tatu baada ya vijidudu kuingia haikuzuia chochote. Kwa hiyo mama anayepewa dozi ya kwanza akiwa tayari wodini amekosa kinga pale alipoihitaji, hata akichomwa sindano wiki nzima. Na maji yanayokatika wodini yanadai matangi na sabuni, si antibiotiki.

Ushahidi wa hapa nyumbani pia upo. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanawake 500 waliofanyiwa upasuaji wa dharura wa kujifungua waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dozi moja ya gentamisini na metronidazoli kabla ya upasuaji. La pili likapewa hiyohiyo na kuendelea kwa saa 24. Maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 4.8 kwa dozi moja na asilimia 6.4 kwa dozi nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ni kweli kwamba Bugando ni hospitali ya rufaa, na kituo cha afya chenye muuguzi mmoja wa usiku hakifanani nayo. Hata hivyo, hawa walikuwa wagonjwa wa dharura wa Kanda ya Ziwa, ndio haohao tunaoambiwa kuwa dozi moja haiwatoshi.

Mpaka mmoja lazima uheshimiwe. Mama mwenye homa na maji ya uzazi yanayonuka, au mgonjwa aliyetoboka utumbo, tayari ana maambukizi. Huyo anahitaji tiba ya siku kadhaa, na kumnyima kwa jina la mwongozo ni hatari. Kosa ni kumtibu kila mtu kama yeye. Seftriaksoni tunayoimwaga kwa wasioumwa ndiyo tunayoitegemea kwa homa ya uti wa mgongo, na kila dozi isiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa. Halafu kuna bili: mara nyingi ni mume au dada anayetumwa duka la dawa kununua chupa za siku tano.

Naona kizuizi kikubwa kiko kwenye mgawanyo wa kazi. Dozi za baada ya upasuaji zina mwenyewe, muuguzi wa wodi. Dozi ya kabla mara nyingi haina mwenyewe. Hospitali ya Thika, Kenya, ilipoweka sera yake ya antibiotiki za kinga mwaka 2011, wagonjwa waliopata dawa kabla ya upasuaji walipanda kutoka asilimia 2 hadi 98 ndani ya wiki 6, na maambukizi ya juujuu ya kidonda yakapungua. Anayetoa dawa ya usingizi yuko pale kabla ya kisu. Akabidhiwe sindano hiyo, iwekwe kwenye trei yake, na aulizwe kwa sauti kama ameshaitoa kabla mpasuaji hajaanza.